Nguo ya Mama kwenye Mti wa Muvumu

Shamba la mama yangu huko Kingi lilikuwa na cheti kimoja tu, nacho kilikuwa mti. Mama aliporudi kwao akiwa mjane, mimi nikiwa bado mgongoni, babu alimpa kipande cha kilima chini ya migomba yake. Kwenye kona ya juu alichomeka kijiti cha muvumu, ule mtini ambao wazee wetu walivaa gome lake kabla nguo za marikani hazijafika. Kisha akasema mbele ya wazee wa kilima: muti huu ukiwa na uzima, binti yangu analima hapa. Maneno ya namna hiyo kwetu yalitosha. Kila mtu alielewa pia upande wake wa pili: mti ukifa, shamba linarudi kwa ndugu wa kiume.

Ndugu mwenyewe alikuwa mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, ambaye mashamba yake yalilizunguka la mama pande tatu. Aliongoza sala za kilima siku ambazo padri hakufika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wana wengi na udongo mchache, na alipoutazama ule mti nadhani aliutazama jinsi mtu anavyotazama mlango uliofungwa.

Miaka ninayoisimulia, ya hamsini na kitu, nilikuwa kijana mwenye mke, mfanyakazi wa shamba la kinini, mti ambao gome lake hutoa dawa ya malaria, upande wa Masisi. Kazi yangu iliitwa grefe: unachukua kijiti cha mkinini wenye dawa nyingi, unakiunga kwenye shina la mkinini wenye mizizi imara, na viwili hivyo vinakuwa mti mmoja. Shule niliiacha mapema. Yale niliyoyajua niliyapata kwa kuangalia, kwa kukata na kufungua, na kwa kitabu kimoja cha Kifaransa kilichopotea jalada, ambacho nilikisoma pole pole nikiuliza neno hapa na neno pale.

Kutokana na kazi hiyo nilianza kupenda ngozi. Sina neno jingine. Niliona kwamba kila chenye uhai kina kitu cha nje kinachosema: mwisho wangu ni hapa. Kiazi kina ganda jembamba, na ukilikwangua kikiwa kipya kinatoa ganda jingine. Ukilikwangua kikiwa kimezeeka kinaoza. Viganja vya mama, kwa ajili ya mpini wa jembe, vilikuwa na ngozi ngumu ya njano ambayo haikuhisi hata kaa la moto, lakini mwiba mdogo ukipenya katikati ya vidole alilalamika kama mtoto. Na mti, nilijifunza, hauna gome moja. Nje kuna ganda lililokufa, kavu, linalopasuka. Ndani yake kuna gome hai, laini, linaloteremsha chakula kutoka kwenye majani hadi mizizini. Na chini kabisa, kati ya gome na mti wenyewe, kuna utando wenye unyevu, mwembamba kama ngozi ya ndani ya yai. Utando huo ndio unaozaa vyote viwili. Ukikauka, hapana kinachozaliwa tena.

Mke wangu alitoka Walikale, msituni. Baba yake alikuwa mwindaji na Mkristo, na mambo kadhaa ya wazee aliyashika bado, moja likiwa hili: mjukuu wa kwanza abebwe katika nguo ya gome iliyopigwa na babu yake kwa mkono wake mwenyewe. Mke wangu alipokuwa karibu kujifungua, mzee alifika kwetu kwa miguu na nyundo yake yenye mistari katika mfuko. Akaomba gome. Pale kilimani palikuwa na muvumu mmoja tu uliokuwa na shina la kutosha.

Mama hakusita. "Mukwe, muti ni wa mutoto pia," alisema. "Kata."

Nilimtazama mzee akifanya kazi, nikiwa nimesimama mbali kidogo, kwa sababu haikuwa heshima kumkodolea macho mkwe wala kumuuliza neno moja kwa moja. Maswali yangu aliyapeleka mke wangu, akienda na kurudi na tumbo lake.

"Bwana yangu anauliza juu ya nini unazunguka muti wote."

"Mwambie nguo yenye kuunganishwa inakatika mugongoni."

"Anauliza tena, muti hautakufa?"

Mzee alicheka bila kugeuka. "Mwambie muti njo kama mutoto. Ukimuvua nguo, unamufunika mbio."

Alikata mstari wa mviringo kwenye kimo cha goti na mwingine kwenye kimo cha kifua, akapasua mmoja wa kuteremka, halafu akaingiza kikonyo kigumu cha jani la mgomba chini ya gome na kulisukuma. Likatoka zima, kama koti. Mti ukabaki uchi, mweupe, unang'aa kwa maji. Hakuna aliyeugusa kwa kidole. Mahali panapoguswa, alisema, gome haliwezi kurudi. Palepale akauvika majani mabichi ya migomba, tabaka juu ya tabaka, akafunga kwa kamba za mgomba kutoka chini mpaka juu. Alituambia tusifungue mpaka majani hayo yaanguke yenyewe. Alilowesha gome, akalipiga kwa siku kadhaa mpaka likawa pana na laini, rangi ya udongo wa matofali, akamwachia binti yake na kurudi Walikale. Mimi nami nikarudi kwenye kambi ya shamba la kinini.

Ni hapo kosa lilipotokea, na nalieleza kama lilivyokuwa. Pale Kingi watu walikuwa wameacha kuvua gome tangu zamani. Kina mama walikuwa na nguo za dukani, na vijana wa umri wangu hawakuwa wameona hata mara moja mti uliovikwa. Walichokiona walipopita njiani ni mti wa mpakani, umefungwa majani kutoka goti mpaka kifua kama maiti, baada ya mgeni wa msituni kushinda chini yake. Neno likazunguka kwamba mama ameweka dawa ya kulinda shamba, ili atakayeingiza jembe pale avimbe tumbo. Mjomba alilisikia. Siku ya Bwana, baada ya sala, alikwenda na watu wawili, akakata kamba, akatupa majani, akanyunyizia mti maji ya baraka. Kisha akauacha pale katika jua la mchana, safi.

Niliporudi nyumbani mwisho wa juma, mke wangu alikuwa amejifungua binti, na shangwe yangu ilikuwa kubwa. Kesho yake ndipo nilipanda kutazama mti. Ule weupe ulikuwa umegeuka kahawia. Nilipitisha ukucha: mkavu, pande zote. Palikuwa na nyufa nyembamba ambamo sisimizi walipita.

Mama alikuwa ameweka jembe begani. "Juu ya nini uso iko vile? Angalia majani, iko mabichi."

"Mama, majani inakunywa maji, na maji inapanda ndani ya muti, katikati. Haijakatwa. Lakini chakula inashuka ndani ya ngozi, na ngozi haiko tena. Mizizi inakula akiba. Akiba ikiisha, utaona majani inaanguka yote."

Aliutazama mti kwa muda. Halafu alitazama maharagwe yake, yaliyokuwa yametoa maua. "Mujomba wako anajua?"

"Hajui. Anafikiri gome itarudi, ao itaisha, kwake yote sawa."

"Basi na sisi tusimufundishe," alisema mama, akaenda kulima.

Nililala nikifikiri. Mwaka uliotangulia, panya walikuwa wametafuna shina la mkinini mmoja wa mbegu, mti wenye thamani, wakalizunguka lote. Agronomu, bwana shamba wetu, hakuukata. Alichukua vijiti vichanga vya mti uleule, akavichonga ncha zote mbili, akaingiza ncha ya chini chini ya gome lililobaki hai upande wa mizizi na ncha ya juu chini ya gome la upande wa matawi. Vijiti vikavuka lile pengo kama madaraja ya miti tunayoweka juu ya mito. Chakula kikapita katika ngozi ya vijiti. Mkinini ule ulipona. Nilikuwa nimeshika kamba tu siku hiyo, lakini nilikuwa nimeona.

Nikaomba ruhusa kazini, nikaanza. Nilikata kingo kavu za gome, juu na chini, mpaka nilipofika penye uhai. Nilikata vijiti vya unene wa kidole kwenye matawi ya muvumu wenyewe, nikavichonga, nikainua gome kwa ncha ya kisu, nikavipenyeza, nikapigilia kila ncha kwa msumari mdogo wa sanduku. Nilivikunja kidogo kama upinde, ili upepo ukitikisa mti visichomoke. Nikapaka udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Nikatazama kazi yangu, nikaridhika.

Vyote vilikauka. Nilipovichomoa niliona sababu. Muvumu si mkinini. Muvumu ukiukata unatoa maziwa. Maziwa yalikuwa yamejaa kwenye kila kidonda na kuganda kama mpira, na kati ya utando wa kijiti na utando wa mti kukawa na ukuta. Nilikuwa nimeunganisha mpira na mpira. Na juu, matawi ya mwisho yalikuwa yameanza kuwa ya njano.

Jirani mmoja mwanamke, aliyepita na mtungi, alimwambia mke wangu kwa sauti ya kusikika: "Ninyi bantu ba pori munavalisha miti nguo, halafu miti inakufa na baridi."

Mke wangu alikuwa amemfunga mtoto mgongoni kwa ile nguo ya gome. "Dada," alijibu, "we unavalisha bwana yako nguo, na iko nakunywa pombe ya kasiksi mpaka anaivua njiani. Bora muti." Yule mama alicheka mwenyewe, akaendelea na safari yake.

Lakini jioni mke wangu aliniambia jambo la maana. Kwao, mtu anayetaka gome la muvumu wenye maziwa mengi huukata kwanza tawi na kuuacha ulie. Ndivyo alivyosema: kumwacha alie mpaka anyamaze. Nikaelewa. Safari hii nilikata vijiti mapema, nikasimamisha ncha zao katika chungu cha maji usiku kucha mpaka maziwa yakaisha. Kwenye shina nilifungua vidonda asubuhi, nikavifuta kwa kitambaa chenye maji, nikavifuta tena, na kuweka kijiti pale tu ambapo palikuwa na maji bila weupe. Nilihakikisha upande wa juu wa kila kijiti unabaki juu, maana chakula hakikubali kurudi nyuma. Nikaweka vijiti kuzunguka mti wote, vingi kuliko mara ya kwanza.

Likabaki jambo moja: unyevu. Pengo lile bila kifuniko lingekauka tena. Ilikuwa lazima kulifunika, na kifuniko tulichokijua kilikuwa majani ya migomba. Nilikuwa nafunga tabaka la kwanza wakati mjomba alipopanda kilima, na nyuma yake wale watu wawili wa siku ile.

"Dada," alimwita mama kabla hajafika, "munarudilia tena?"

"Kaka, karibu. Si dawa hii. Mutoto wako anafunga kidonda."

"Kidonda ya muti!" Akawageukia wenzake. "Kesho atatuambia tupeleke mbuzi ku dispanseri." Walicheka. Yeye aliacha kucheka kwanza. "Miye njo nasimamia sala hapa. Siwezi kuacha muti iko inafungwa kama mufu katika kilima yangu. Mutafunga leo, nitafungua kesho. Mutafunga kesho, nitafungua kesho kutwa."

Nilimweleza. Nilimwonyesha utando, vijiti, ncha. Alisikiliza vizuri, na naamini alielewa zaidi ya alivyotaka kuelewa, maana aliuliza: "Kwa hiyo bila hii yote, muti inakufa?"

"Inakufa, mujomba."

"Basi Mungu njo anajua," akasema, na akanyoosha mkono kuelekea kwenye kamba.

Mama alikuwa amesimama pembeni na nguo zake mbili, ile chakavu ya shambani na juu yake kitambaa cha buluu chenye maua, alichokifunga kwa sababu alikuwa ametoka kwenye sala ya asubuhi. Ni kitambaa alichokuwa nacho siku aliyobatizwa. Hakuwa na kingine cha kanisani. Alikifungua kiunoni, akapita mbele ya kaka yake, akayaondoa majani ya migomba niliyokuwa nimefunga, akayatupa bondeni mwenyewe.

"Umeona? Majani imeisha. Dawa imeisha."

Kisha akauzungushia mti kile kitambaa, akakivuta, akakifunga fundo juu ya vijiti vyangu jinsi mwanamke anavyojifunga kifuani. Akaenda kisimani, akarudi na mtungi, akakilowesha mpaka maji yakatiririka kwenye mizizi.

"Sasa hii ni nguo yangu," alisema. "Padri aliibariki na mimi ndani. Mwenye kuifungua, anavua dada yake. Kama uko na huo mukono, kaka, leta."

Mjomba alitazama fundo, akatazama wenzake ambao walikuwa wakitazama maharagwe. Kwetu kaka hamtazami dada yake akiwa bila nguo, hata akimkuta anaoga mtoni. Hupiga kikohozi mbali na kuzunguka njia nyingine. Alirudisha mkono. "Nguo itaoza," alisema. "Na muti itaanguka. Siku hiyo tutaita wazee."

"Utawaita," mama alijibu. "Nitapika."

Tangu siku ile mama alilowesha kitambaa kila asubuhi kabla ya kwenda shambani na kila jioni alipotoka. Kanisani alikwenda na nguo ya shambani iliyofuliwa, akakaa nyuma karibu na mlango. Mimi nilirudi kwenye kinini. Kila nilipopata nafasi ya kuja nilishika kitambaa kwa kiganja bila kukifungua, nikatafuta baridi ya maji, na nikajizuia. Kujizuia ndiko kulikokuwa kazi ngumu. Mtu aliyefanya kitu kwa mikono yake anataka kuona; lakini ngozi changa ikifunuliwa ili ionekane, inakufa kwa kuonekana. Nilimkumbuka mtoto wangu siku zake za kwanza, ngozi yake ikichubuka viganjani na miguuni kama karatasi ya kitunguu, na chini yake ngozi nyingine, nzuri zaidi, na hakuna aliyeivuta.

Majani ya muvumu yakaanguka, yote. Mama alisimama kati ya majani makavu akiwa na mtungi wake, akaendelea kumwagilia mti uliobaki kama fimbo. Mjomba akawaita wazee.

Walikuja asubuhi moja baada ya mvua kuanza, wazee wanne, baadhi yao wale waliosikia maneno ya babu. Mama alikuwa amepika viazi na maharagwe ya shamba lile lile. Mzee aliyewatangulia alikuwa haoni vizuri, alishika mti kwa mikono, juu ya kitambaa, akauliza: "Hii ni nini?"

"Ni miye," alisema mama. "Ngoja nitoke."

Akafungua fundo mwenyewe. Kitambaa kiling'ang'ania kidogo, kisha kikaachia. Nilikuwa nimejitayarisha kuona vijiti vikavu. Vichache vilikuwa vikavu. Vingine vilikuwa na rangi ya kijani chini ya udongo, vimevimba kwenye ncha zote mbili mahali ambapo ngozi ya mti na ngozi ya kijiti zilikuwa zimefumbana kama midomo. Lakini palikuwa na jambo ambalo sikulifanya mimi. Kutoka kwenye ukingo wa gome la juu, ndani ya unyevu wa kitambaa, muvumu ulikuwa umeteremsha mizizi yake mwenyewe, myembamba, miekundu kwenye ncha, ikipita katikati ya vijiti vyangu kutafuta udongo. Miwili ilikuwa imefika. Mpaka leo siwezi kusema ni kipi kiliuokoa zaidi, kazi yangu au hiyo yake. Kitabu changu hakikuwa na ukurasa wa mitini.

Mzee alikwangua kijiti kimoja kwa ukucha, pole. Akasubiri. Tone jeupe likatokea, likakua, likateremka kidoleni mwake. Akalionja.

"Iko na maziwa," alisema.

"Majani je?" mjomba aliuliza. "Majani haiko."

Mzee aliinua mkono, akavuta tawi la chini, akalipitisha kati ya vidole mpaka ncha. Pale kwenye ncha palikuwa na kichipukizi kilichofungwa bado, kirefu kama mwiba. Akaweka tawi hilo mkononi mwa mjomba. Mjomba alilishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilimwona akilipima uzima wake, kama mkulima. Kisha akaliachia.

"Uzima iko," alisema, na kwa kuwa aliyatamka yeye mwenyewe, shauri likaisha. Wazee wakakaa kula.

Mama alichukua kitambaa chake, akakipeleka mtoni. Maziwa ya muvumu hayatoki kwenye nguo. Hugeuka kahawia, na alama zile zilizunguka maua ya buluu kutoka ukingo hadi ukingo, michirizi ya vijiti vyangu na michirizi ya mizizi. Alikisugua kwa jivu, kwa sabuni, kwa mchanga, na kikabaki vilevile. Siku ya Bwana iliyofuata alikifunga kiunoni. Hakukaa tena karibu na mlango. Alipita katikati ya watu mpaka benchi la mbele, akaketi mbele ya kaka yake aliyekuwa amesimama kuongoza, na mjomba akafungua kitabu na kuanzisha wimbo.